Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Kamati Tendaji ilikaa kila robo mwaka, sherehe ya Idi ilifana, vijana waliomaliza GCSE, mtihani wa sekondari wa miaka 16, tuliwapongeza, na wafiwa tuliwafikishia rambirambi. Namshukuru Katibu, ingawa mihtasari mingi niliiandika mwenyewe.

Sasa nije kwenye lile linalosemwa pembeni: kuhamisha fedha za masomo yetu ya ziada ya Jumamosi kutoka kwa watahiniwa wa miaka 16 kwenda kwa watoto wa miaka 7 hadi 10. Nimeambiwa nimewatelekeza watahiniwa. Wengine wamedai napendelea wajukuu zangu. Wajukuu zangu wanakaa Leicester, mji mwingine kabisa.

Waliofika hapa zamani watakumbuka shule za London ya ndani zilivyodharauliwa. Mwaka 1997 Tower Hamlets, mtaa wa London mashariki, ilishika mkia kati ya mamlaka 149 za elimu. Mwaka 2002, kati ya watoto wanaopata mlo wa bure shuleni, yaani wa familia zenye kipato kidogo, London ya ndani ilifaulisha 22% kwa kipimo cha masomo matano ya daraja C au zaidi, Kiingereza na hisabati yakiwamo. Nje ya London ilikuwa 17%. Mwaka 2013 ikawa 48% huku na 26% kule. Mwaka 2024, alama za GCSE za daraja la 7 (sawa na A ya zamani) kwenda juu zilikuwa 28.5% London, na 21.8% kwa Uingereza nzima.

Sifa nyingi hupewa mpango wa serikali wa kuinua shule, London Challenge, ulioanza 2003, na marehemu Tim Brighouse aliyeusimamia. Wapo wanaotaja bidii ya watoto wa wahamiaji, na hapo sote hutabasamu. Lakini watafiti wa Institute for Fiscal Studies, taasisi ya utafiti wa uchumi, walipochambua takwimu mwaka 2014, walikuta sehemu kubwa ya mafanikio hayo ilishaonekana watoto wakiwa na miaka 11, kabla ya kukanyaga sekondari. Nililisema hili kwenye kamati kabla ya mtu mwingine yeyote, na kumbukumbu zipo.

Jumamosi moja nilikaa na mtoto wa miaka 8. Alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Nilipomuuliza nani alifungua lango mbuzi wakatoka, alinitazama tu. Huyo akifika miaka 16, swali la hisabati lenye mistari mitano ya maelezo litamshinda kabla hajagusa kikokotoo, na asipopata daraja la 4 (sawa na C ya zamani) atalazimika kuendelea na somo hilo baada ya miaka 16. Sikatai kwamba masomo ya dharura humvusha aliye ukingoni. Ila hao ni wachache, na fedha zetu ni zilezile.

Kuna aliyeniambia kwamba London imeshaushinda wastani wa taifa, basi tuna wasiwasi wa nini? Katika hesabu hiyo wamo watoto wa matajiri pia, ambao hawahitaji Jumamosi zetu.

Kuhusu kura ya kuhamisha fedha hizo: akidi haikutimia mara ya kwanza, tukaahirisha kama Katiba inavyotaka, na mkutano wa pili ukaamua kwa waliokuwapo. Walikuwa 14. Wanaolalamika leo kwa sauti kubwa sikuwaona siku zote mbili, na viti nilivipanga mimi na Mweka Hazina.

Ada nayo inatia aibu. Kati ya wanachama 64 wamelipa 23. Simu za kamati hazipokelewi, lakini harusi ikikaribia kila mtu anajua nyumba ya Mwenyekiti ilipo.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kupata walimu zaidi wa kujitolea, pengine na chumba kikubwa, na hali ikiruhusu turudishe japo kipindi kimoja cha hisabati kwa watahiniwa.

Mweka Hazina yuko mlangoni na kitabu cha risiti. Wenye madeni wapite kwake kabla ya chai.