Saa janja zitawafaa watu wa kawaida zikiacha kudanganya kuhusu presha

Ndugu Mhariri, salaam kutoka Mtwara.

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme kuhusu hizi saa janja, maana msimu wa korosho unakaribia na sisi tunaoishi kusini tunajua msimu ukifika inakuwaje, minada ikianza Oktoba na pesa zikianza kuingia kwenye akaunti za wakulima basi mizigo ya Kariakoo inashuka huku kila siku, simu, sola, sabufa, na miaka hii ya karibuni saa janja zimejaa kwenye meza za machinga kuanzia stendi mpaka sokoni, na sio Mtwara mjini tu, nenda Newala, Tandahimba, Masasi, vuka uende Lindi na Nachingwea utazikuta.

Watu wanabishana sana kama saa hizi zitashika kwa mtu wa kawaida au zitabaki kuwa za wenye pesa na wale wa joging. Mimi kazi yangu ni kutoa dawa, nakaa dukani kuanzia asubuhi mpaka usiku na naona mikono ya watu wanapopokea dawa zao, kwahiyo nasema zimeshashika. Ila hazikushika kwa sababu ile waliyoikusudia waliozitengeneza, na hapo ndipo penye hatari ambayo imenifanya niandike.

Wenzetu walizianza kwa ajili ya kuhesabu hatua. Kampuni ya Fitbit ilianzishwa Marekani mwaka 2007 na James Park na Eric Friedman, wakaja Jawbone, wakaja Nike na FuelBand yao 2012, mwaka huohuo watengeneza saa wa Pebble wakachangiwa na watu mtandaoni zaidi ya dola milioni 10, yani ilionekana dunia nzima itavaa. Lakini angalia kilichotokea, Nike waliachana na kutengeneza ile bangili 2014, Pebble walikufa mwisho wa 2016 mali zao zikachukuliwa na Fitbit, Jawbone ikafungwa 2017, na Fitbit yenyewe ikaja kumezwa na Google kwa dili la dola bilioni 2.1 lililokamilika Januari 2021. Na sio kwamba watu hawakununua, walinunua sana tu, tatizo waliziacha kabatini. Kampuni ya utafiti ya Gartner iliuliza watu mwaka 2016 ikakuta karibu watatu kati ya kumi wameacha kuvaa, wengine wamezichoka, wengine hawakuona faida yake, wengine zimeharibika.

Mi sishangai, maana kuhesabu hatua peke yake hakumshiki mtu muda mrefu. Hata hiyo hesabu ya hatua elfu kumi kwa siku ambayo kila saa inakudai haikutoka kwa madaktari, ilitoka Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ilikuwa inauza kidude cha kuhesabu hatua ikakipa jina la hatua elfu kumi ili kiuzike. Watafiti wa Marekani walikuja kuwafuatilia kina mama watu wazima, wastani wa umri miaka 72, matokeo yakatoka 2019, wakakuta hata hatua 4,400 kwa siku zina faida kubwa ukilinganisha na wale wanaotembea 2,700, na ikifika kama 7,500 faida haiongezeki tena. Na wale wa chuo cha Pittsburgh mwaka 2016 walitoa matokeo ya vijana wenye uzito mkubwa waliofuatiliwa miaka miwili, waliopewa kifaa cha kuvaa walipungua kilo 3.5 na wale wasiopewa, wakabaki na ushauri na kujiandikia wenyewe, walipungua kilo 5.9. Kwahiyo ukiona mtu anakwambia nunua saa upungue mwili, muulize vizuri.

Sasa ilete hiyo saa ya hatua huku kwetu. Ndani yake kuna kihisio kinachosikiliza mkono unavyorushwa ukiwa unatembea, mkono ukitulia na yenyewe inatulia. Mama wa Newala anayepanda mlima na ndoo kichwani ameishika kwa mkono ule wenye saa, hatua zake nyingi hazihesabiki. Anayesukuma baiskeli yenye magunia ya korosho, mikono yote kwenye usukani, hivohivo. Halafu anayetwanga kwenye kinu amesimama palepale anaweza kuhesabiwa katembea, na bodaboda kwenye barabara mbovu saa inaweza kumwongezea hatua kwa ule mtikisiko tu. Ilitengenezwa kwa mtu anayetembea mikono mitupu kwenye njia ya lami kisha akarudi kukaa ofisini. Mkulima anayeinama kuokota korosho toka alfajiri hana shida ya kuambiwa leo hujatembea, na wale kina mama wabanguaji ambao mafuta ya ganda yanawababua mikono, hata kuvaa mkanda wa raba mkononi wakati wa kazi hawawezi.

Ndo maana nasema watu wetu hawanunui kwa ajili ya hatua. Wananunua kwa ajili ya presha na sukari. Hayo ndo maneno yaliyoandikwa kwenye boksi, na ndo maneno muuzaji anayoyapigia kelele, "inapima presha, inapima sukari, inapima oksijeni, elfu thelathini tu", na mtu mwenye mama yake mgonjwa wa presha kijijini akisikia hivo anatoa pesa hapohapo, na mimi simlaumu hata kidogo kwasababu ametoa kwa upendo na kwa hofu. Presha imejaa kwenye familia zetu, kliniki iko mbali, foleni, nauli. Mtu anatamani kitu cha kumwambia ukweli akiwa nyumbani. Haja hiyo ni ya kweli na ndo inayoweza kuifanya saa hii ivaliwe na kila mtu, kuliko hatua, kuliko kusoma meseji mkononi.

Alikuja bibi mmoja wa Tandahimba, kapanda mjini kwa mwanae, kaja dukani kununua dawa za maumivu ya kichwa. Nikamuuliza bibi unatumia dawa zozote, akasema nilikuwa natumia za presha ila nimeacha. Nani kakuachisha? "Mjukuu wangu alinitumia hii saa toka Dar, kila nikiangalia presha iko sawa, sa dawa za nini tena?" Saa ilikuwa inaonyesha 118 kwa 78. Nikamfunga mashine, nikamwacha apumzike, nikarudia, namba ya juu ilikuwa inapita 190. Huyo bibi alikuwa anatembea na hatari ya kupooza huku mkono wake unamwambia yuko salama. Tukamwelekeza hospitali siku ileile na mwanae akampeleka. Na sio yeye peke yake, wapo wengine wanaokuja na maneno hayohayo, dawa wameacha, saa imesema.

Baada ya hapo kijana mmoja jirani yangu anayetengeneza simu alichukua moja ya saa hizo akaifunga kwenye muhogo. Muhogo, Mhariri. Taa ikawaka kijani, ikazunguka kidogo, ikatoa mapigo ya moyo na presha juu yake.

Tuelewe inavyofanya kazi ili tusionee saa zote. Ile taa ya kijani chini ya saa ni kwasababu damu inameza mwanga wa kijani, moyo ukidunda damu inajaa kwenye ngozi mwanga unaorudi unapungua, kati ya mdundo na mdundo unaongezeka, saa inahesabu huko kupanda na kushuka inapata mapigo. Hicho kitu ni cha kweli na saa nzuri inakifanya vizuri ukiwa umetulia. Lakini presha ni nguvu ya damu ndani ya mshipa, na njia inayoaminika bila kuchoma mtu ni kuubana mshipa kwa mkanda wa upepo na kuuachia taratibu. Taa peke yake haibani kitu. Saa ya bei chee inachukua mapigo, pengine na umri uliojaza mwenyewe, inapiga hesabu ya kukisia inakuletea namba nzuri nzuri ya mtu mzima wa afya, ndo maana inakuja na 118, na 121, na 119 kila siku.

Wanaofanya kwa uaminifu wanajulikana. Omron walitoa saa ambayo mkanda wake wenyewe unajaa upepo, Huawei wametoa Watch D ya namna hiyohiyo. Samsung wanatumia taa lakini wanakutaka uilinganishe kwanza na mashine ya kawaida ya mkononi na urudie kila baada ya siku 28, maana yake hata wao na pesa zote hizo hawaiamini taa peke yake. Apple wao hawatoi namba kabisa, wanachofanya ni kuangalia mwenendo wa siku 30 kisha kukwambia kuna dalili nenda kapime. Kama kampuni kubwa kiasi hicho inaogopa kutaja namba, huyu asiyejulikana hata jina kwenye boksi kaipata wapi hiyo namba kwenye saa ya elfu thelathini?

Kwenye sukari ni mbaya zaidi. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kuchoma ngozi. Hakuna hata moja. Zipo saa zinazoonyesha sukari lakini zinasomewa na kihisio kingine chenye kisindano kilichobandikwa mwilini, na hicho ni kifaa kingine na bei nyingine. Mgonjwa wa sukari anayechoma insulini kwa kufuata namba ya saa ya kwenye meza ya machinga anaweza kuanguka sukari ikashuka na asiamke, haya sio maneno ya kutishana.

Kuna na hili la oksijeni, ambalo linatuhusu sisi wenye ngozi nyeusi moja kwa moja. Hata vile vipimo vya kubana kidole vya hospitalini, watafiti wa chuo cha Michigan, Marekani, walionyesha mwaka 2020 kwamba kwa wagonjwa weusi vilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Kama ni hivo kwa kifaa cha hospitali, saa ya mtaani tuipe imani gani?

Sisemi watu wasivae. Watafiti wa chuo cha Stanford, Marekani, walifanya utafiti na Apple Watch kwa watu zaidi ya laki nne, saa ikawa inaangalia mapigo yasiyo na mpangilio, waliopewa onyo ni wachache sana, kama watano katika elfu moja, na kati yao waliopimwa zaidi kwa kifaa cha kubandika kifuani kama theluthi moja walikutwa kweli wana tatizo hilo la moyo wakati wa kipimo. Hiyo ni faida. Hata kama huna pesa ya Apple, zile bangili za Xiaomi zinakaa na chaji wiki mbili, bei inavumilika, zinakupa mapigo na usingizi na hatua, na kwa mwalimu au mhasibu anayekaa kutwa nzima zinamkumbusha anyanyuke. Vijana wetu wa joging wanaokimbia Shangani jumamosi zinawasaidia kujua mwendo. Mimi nawaambia wateja wangu hivo, vaa, furahia, ila kwenye presha na sukari usiiulize hiyo saa.

Naiomba TMDA, ambao ndio wenye dhamana ya vifaa tiba nchini, wapite madukani na kwenye meza kabla minada haijaanza, kifaa kilichoandikwa kwenye boksi kinapima presha au sukari kihesabiwe kuwa kifaa tiba na kidaiwe ushahidi kama mashine nyingine zinavyodaiwa, na kama hakina basi maneno hayo yafutwe au kisiuzwe. Tangazo litoke kwa Kiswahili chepesi kwenye redio za huku kusini, maana mkulima wa Kitangari hasomi tovuti. Viongozi wa vyama vya msingi mna mikutano na wakulima kabla ya msimu, dakika chache tu zinatosha kulisema hili. Na nyie wauzaji wadogo, wengi wenu hamjui mnachouza kinafanyaje kazi, mmeambiwa na wa jumla na nyie mkaamini, sasa mkijua semeni saa hii ni ya mapigo na hatua, mtauza tu.

Aliyekwisha kuwa na saa aende nayo zahanati au duka la dawa lenye mashine, akae atulie kama dakika tano, mashine mkono mmoja, saa mkono mwingine, aone mwenyewe. Dawa asiache mpaka aongee na daktari. Na nyie mlioko Dar mnaotaka kumtumia mama zawadi msimu huu, pesa ya saa mbili za namna hiyo inakaribia kupata mashine ya presha ya kawaida, ile yenye mkanda wa kufunga juu ya kiwiko, chagueni yenye mkanda unaomtosha mkono, inatumia betri za redio ambazo hata duka la kijijini zipo, na mkiituma mpigieni simu mumwelekeze namna ya kuifunga na namba ipi ikitokea aende hospitali.

Mtoa dawa,
Chikongola, Mtwara