Mashine za mataruma zibaki TAZARA

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kila mtu anaongelea vichwa vipya vya treni kwenye ule ukarabati wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, wa dola bilioni 1.4 na Wachina, sawa, lakini njia yenyewe je? Ni km 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi, imejengwa 1970 hadi 1975, na kule Mlimba kupanda Makambako ni milima, madaraja na mahandaki tupu, mvua ikipiga kokoto zinahama, taruma, ile boriti inayolazwa chini ya reli kuibeba, linabaki linaning'inia na treni ikipita inayumba. Magenge ya wafanyakazi wa njia na masululu yao wanajitahidi sana jamani, ila mashine ya kushindilia inanyanyua reli, inazamisha vidole vya chuma pande mbili za taruma, vinatetemeka na kubana kokoto chini yake, inahamia lingine, na ile ya kubadilisha inachomoa taruma bovu kwa pembeni inasukuma jipya bila kung'oa reli. Hizo zinunuliwe zibaki kwetu, mafundi wa karakana za Dar na Mpika wafundishwe kuziendesha na kuzitengeneza, siyo mkandarasi akimaliza anaondoka nazo. Na spea ziwepo stoo.