Barua kwa mwanangu: Split inasomwa kutoka chini

Mwanangu Zuhura,

Salaam aleikum. Ama baada ya salamu, ujumbe wako nimeupata kwamba tiketi ya Split, kule Kroatia, umeshakata, siku tatu mwishoni mwa Septemba, na unataka nikuandikie cha kuona. Wakati umeuchagua vizuri: lile jua kali la Julai limeshapungua na bahari bado ina joto. Ila nikikupa orodha tupu utaimaliza kwa nusu siku, urudi na picha mia na usielewe ulikuwa wapi. Mji ule ni jumba la kaizari wa Kirumi ambalo watu waliingia wakaishi, na hawajatoka mpaka leo. Kilichobaki kimebaki kwa sababu kilitumika. Ukilishika hilo, kila jiwe litakueleza.

Kwanza makaratasi. Kroatia iliingia Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani, tarehe 1 Januari 2023, na siku hiyohiyo ikaanza kutumia yuro. Kwa kuwa una kadi ya ukaazi ya Ujerumani, huhitaji viza nyingine kwa matembezi, lakini pasipoti ibebe pamoja na kadi. Moja bila nyingine haitoshi. Wanafunzi wengi huiacha pasipoti bwenini kwa kudhani ndani ya Schengen hakuna anayeuliza. Wanaouliza wapo, na sisi huulizwa kabla ya wengine.

Uwanja wa ndege uko upande wa Kaštela, zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini. Basi namba 37 ni la bei nafuu, lakini linaishia kituo cha Sukoišan, si bandarini. Kutoka hapo ni kama robo saa kwa miguu, na ukiwa na begi la magurudumu utaichukia hiyo robo saa. Basi maalumu la uwanja wa ndege hukushusha stendi kuu. Stendi kuu, stesheni ya treni na gati ya feri vyote vimepangana kando ya bandari, na ukuta wa jumba unauona ukiwa hapohapo. Teksi ya nini tena?

Jumba lenyewe ni la Diocletian, mzaliwa wa upande huohuo wa Dalmatia, yaani pwani hii, aliyetawala kuanzia mwaka 284. Tarehe 1 Mei 305 aliacha madaraka kwa hiari yake, jambo ambalo makaizari wa Roma hawakuwa nalo kabisa, akaja kuishi hapa. Umbo lake ni la mstatili, takriban mita 215 kwa 180. Nusu ya kusini, inayotazama bahari, ilikuwa yake. Ya kaskazini ilikuwa ya askari na watumishi. Ile barabara pana ya minazi (minazi nasema mimi, ni mitende) inayoitwa Riva haikuwepo. Maji yaligonga ukutani, na mashua zilifunga kwenye lango la kusini.

Sasa sikiliza: usianzie kwenye ua wa juu kama wafanyavyo wote. Anzia chini. Ukiwa Riva, tafuta mlango mfupi kati ya miavuli ya mikahawa. Hilo ndilo Lango la Shaba, na watu hulipita mara mbili tatu kwa udogo wake. Ukumbi wa katikati unaoingia ni njia ya umma yenye vibanda vya mapambo na zawadi, hulipi kitu. Hapo ndipo wengi hukosea: hupita kati ya vibanda, hupanda ngazi za mwisho, wakaamini wameshaona vyumba vya chini. Vyumba vyenyewe viko pembeni, na vina tiketi yake. Nenda mara tu wanapofungua, kwani abiria wa meli kubwa za utalii huanza kumiminika kama saa nne asubuhi na hawapungui mpaka alasiri.

Kwa nini huko? Ardhi pale inashuka kuelekea baharini. Ili sakafu ya kaizari iwe sawa na ya nusu ya kaskazini, mafundi walilazimika kuinyanyua sehemu ya kusini juu ya matao. Kila ukuta wa juu ulihitaji ukuta chini yake wa kuubeba, kwa hiyo chini ni nakala ya juu, chumba kwa chumba. Huko juu karibu kila kitu kimekwenda, nyumba za watu zimejaa. Ukisimama katika ule ukumbi mkubwa wa upande wa magharibi, wenye nguzo nene za mraba na mwisho wake umeviringa, jua kwamba juu yako palikuwa na ukumbi wa umbo lilelile.

Tazama dari kwa makini. Kuta ni vipande vikubwa vya mawe ya chokaa, lakini matao yamejengwa kwa matofali na jiwe jepesi lenye vishimo kama sponji. Fundi alikuwa anapunguza uzito pale ambapo uzito ungemwangusha. Kisha tafuta matundu yaliyotobolewa kwenye dari. Hayakuwa ya Warumi. Waliojenga nyumba zao juu waliyatoboa wakawa wanatupia taka na maji machafu, karne hata karne, mpaka vyumba vikajaa. Uchafu huo ndio uliovilinda: hakuna aliyeweza kuhamia, wala kubomoa, wala kung'oa mawe. Vilianza kusafishwa kwa kazi kubwa katikati ya karne ya 20 tu. Sijui kama kuna mahali pengine jalala limefanya kazi ya makumbusho vizuri namna hii.

Baada ya hapo panda ngazi. Utatokea kwenye ua wa nguzo, Peristil, ambao uko chini kwa vidato vitatu kuliko njia zinazouzunguka. Geuka kwanza nyuma uingie kwenye chumba cha duara kilicho wazi juu. Kuba lake lilianguka zamani. Sauti humo inajizungusha vizuri, na ndiyo maana vikundi vya klapa, waimbaji wa Dalmatia wasiotumia ala, hupenda kusimama humo. Wakiimba, toa sarafu.

Uani utaona sfinksi, sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu, mweusi wa itale, amejilaza kando ya nguzo. Ametoka Misri, enzi za Farao Thutmose III. Diocletian alikwenda mwenyewe kuzima uasi wa Misri mwaka 297 na 298, na hapa kuna mawe mengi ya huko. Huyo sfinksi alipofika Split alikuwa tayari na umri wa miaka kama 1,700. Watalii humpiga picha kama kazi ya Warumi.

Mbele yake kuna jengo la pembe nane. Kaizari alilijenga liwe kaburi lake. Mwaka 303 alianzisha mateso makali dhidi ya Wakristo, na mwaka uliofuata Domnius, askofu wa Salona, mji wa jirani, aliuawa. Karne ya 7 watu wa Salona waliokimbia Waavari na Waslavi wakaja kujificha ndani ya kuta hizi, wakaligeuza kaburi la mtesaji kuwa kanisa la huyo askofu. Jeneza la jiwe la Diocletian halipo, lakini kanisa lipo na linasaliwa. Ndani, chini kidogo ya kuba, kuna ukanda wa michongo, na kati yake vichwa viwili ndani ya duara vinavyodhaniwa kuwa vya Diocletian na mkewe Prisca. Inahitaji shingo na subira. Milango ya mbao imechongwa na Andrija Buvina mwaka 1214, vibao 28 vya maisha ya Yesu. Isogelee uone mafundo ya mti.

Tiketi za kanisa, handaki la chini yake, mnara na hekalu huuzwa kwa mafungu, basi soma ubao kabla ya kulipa. Mabega na magoti yafunikwe. Ule mtandio wako unatosha. Jumapili asubuhi ni misa, usitegemee kuingia kama mtalii. Mnara wa kengele una urefu wa mita 57: mwanzo ni ngazi za mawe, nyembamba na ndefu kwa kila kidato, kisha zinafuata za chuma zilizo wazi, unaona chini mpaka mwisho. Wewe na kizunguzungu chako mnajuana. Ukiamua kupanda, pisha wanaoshuka kwenye sehemu ya mawe, hamtoshi wawili.

Upande wa pili wa ua, ndani ya kichochoro, lipo hekalu la Jupiter, mungu mkuu wa Warumi, ambalo nalo waliligeuza, likawa mahali pa kubatizia. Ingia kwa ajili ya dari tu. Ni tao la mawe lililochongwa visanduku visanduku, na kila kisanduku kina ua au uso wake. Halijaanguka tangu lilipojengwa. Ubavuni kwake kuna njia nyembamba kiasi kwamba wenyeji wameiita Pusti me proć, yaani niache nipite. Hata vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja vingeionea huruma.

Malango mengine yapite kwa raha zako. Lango la Dhahabu, kaskazini, lina kikanisa cha Mtakatifu Martin juu yake, kimeingizwa kwenye ujia wa walinzi, upana hata mita mbili haufiki. Nje yake kuna sanamu kubwa ya Askofu Grgur Ninski, kazi ya Ivan Meštrović, na kidole gumba cha mguu kinang'aa kwa kushikwa na wanaotaka bahati. Lango la Chuma, magharibi, lina saa ya mnara yenye namba 24 badala ya 12. Usijaribu kuisoma kwa saa za Kiswahili, utachelewa feri.

Viatu. Njia zote ni mawe ya chokaa yaliyosuguliwa na miguu ya karne nyingi, yanang'aa kama sahani. Ikinyesha hata manyunyu, soli laini inateleza. Vaa soli ya mpira yenye meno, na kwenye mteremko usikate kona kwa haraka. Mvua ikija na upepo wa kusini-mashariki, jugo, hukaa siku kadhaa. Ule wa kaskazini-mashariki, bura, ni mkavu na mkali, unasafisha anga lakini unaweza kusimamisha mashua. Kama una safari ya kisiwa cha Brač, yalikotoka mawe meupe ya jumba, ulizia feri asubuhi ileile. Mpaka Supetar ni kama dakika 50. Chumba usichukue ndani ya kuta, kelele za mikahawa hupanda juu kupitia vichochoro hadi usiku.

Chakula kwako si tatizo, ila kaa macho na pršut, ni paja la nguruwe lililokaushwa, na huwekwa hata juu ya vitu usivyotegemea. Tafuta soparnik kwenye soko la Pazar, nje ya ukuta wa mashariki. Ni unga uliosukumwa mwembamba, ndani mboga ya majani inayokaribia mchicha pamoja na vitunguu, unaokwa kwa makaa, kisha unapakwa mafuta ya zeituni na vitunguu saumu. Soko la samaki, Peškarija, liko upande wa magharibi. Nzi hawaonekani humo, na wenyeji watakuambia ni harufu ya salfa ya chemchemi za jirani. Dagaa wa kuchoma ndio wa kuagiza. Na ukiona kabichi Pazar, kumbuka kwamba Diocletian alipoombwa arudi madarakani alijibu kwamba laiti wangeona mboga alizozipanda kwa mikono yake Salona, wasingemuomba.

Siku ya tatu ndiyo ya Salona. Basi namba 1 la kwenda Solin linakupeleka. Ulikuwa mji mkuu wa jimbo la Dalmatia, na leo ni misingi ya kuta kati ya mizeituni na mizabibu. Anzia Tusculum, nyumba iliyojengwa mwaka 1898 na padri Frane Bulić, aliyeufukua mji huo. Jirani kuna Manastirine, makaburi alikozikwa Domnius. Kisha fuata kuta kuelekea magharibi hadi uwanja wa michezo, uliochukua watazamaji wengi zaidi ya 15,000. Hautauona mzima: watu wa Venice waliubomoa karne ya 17 ili Waturuki wasijifiche humo. Hakuna kivuli njiani. Beba maji lita moja na nusu, na kofia.

Ukiwa huko, ujue mto Jadro unaanzia karibu. Diocletian alivuta maji yake kwa mfereji wa kilomita 9 hivi mpaka jumbani, na tofauti ya kimo mwanzo hadi mwisho ni mita 13 tu, yaani mita moja kwa kila mita 700. Pale Dujmovača mfereji ulipanda juu ya matao, na bado yamesimama kando ya barabara. Karne ya 19 waliukarabati, maji yakapita tena. Chemchemi ya Jadro ndiyo inayolisha Split mpaka sasa, kwa hiyo maji ya chupa usinunue. Jaza bombani.

Nisalimie wenzako. Ukifika, nitumie picha moja tu: yale matundu ya dari.

Mamako