Barua kwa Swaleh: laptopu inayokufa ikiachwa

Langoni, Lamu
Jumamosi

Ndugu yangu Swaleh,

Assalaam alaykum. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, nasi twawaombea heri nyote wa Malindi.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Wafanya kazi na laptopu tangu asubuhi haina neno, waenda kuswali adhuhuri, ukirudi waikuta imekufa. Fundi akwambia ni joto, ubadilishe feni na upake pesti mpya ya kupoza prosesa, huo ubongo wa mashine. Tafadhali usimpe pesa kwanza.

Joto huiangusha mashine ikiwa kazini: feni yalia, mgongo wawaka moto, kisha yazimika. Yako hufa ikipumzika. Isipoguswa, prosesa hushusha kasi na volti, ikawa yalala na kuamka mara nyingi ndani ya sekunde moja. Diski nayo husinzia, na njia inayoiunganisha na vingine hupunguziwa umeme. Kimoja kikikosea kuamka, mashine nzima huganda. Basi swali letu ni nani haamki.

Nakili kazi zako kwenye flashi leo, kisha ungoje ife tena. Ukiikuta nyeusi, usikimbilie kitufe cha kuwasha. Bonyeza Caps Lock. Taa yake ndogo ikiwaka na kuzimika, mashine i hai, ni skrini tu haikurudi; bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B, ili draiva ya picha, yaani programu inayokiendesha kifaa cha picha, ianze upya. Ikirudi, pakua draiva mpya ya picha kutoka tovuti ya kampuni iliyoiunda laptopu. Taa hiyo isipobadilika, imeganda kweli: shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 10 hadi 15 izime. Na ukikuta imejiwasha upya na yangoja nywila, Windows yenyewe huenda imeanguka na kuacha alama.

Alama hizo ziko hapa: bonyeza Windows na R, andika eventvwr.msc, ingia Windows Logs, halafu System. Utaona Kernel-Power nambari 41. Wengi huishika 41 kana kwamba ndiyo maradhi, na hapo ndipo mafundi hupoteza siku nzima. Maana yake ni kwamba mashine haikuzimwa inavyotakiwa, basi. Kilicho muhimu kimo ndani yake, kwenye Details, mstari wa BugcheckCode. Ukiwa 0, iliganda au ilikatikiwa na umeme. Ukiwa 159, ambayo ndiyo 0x9F ya skrini ya buluu, kuna draiva iliyoshindwa kubadilisha hali ya umeme. Anza kuzishuku za Wi-Fi na za picha.

Sasa jaribio linalokata shauri. Kwenye mipangilio ya umeme weka usingizi (Sleep) uwe Never, kwa betri na kwa chaja, uiache vivyo hivyo muda uleule inaokufa siku zote. Isipokufa, ubaya uko kwenye usingizi: sasisha BIOS (programu ya ndani inayoiamsha mashine) na draiva, na kwa sasa tumia hibernate, inayoandika kila kitu kwenye diski na kuzima kabisa. Huwashwa kwa powercfg /h on, katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa ruhusa ya msimamizi.

Ikifa hata bila usingizi, andika powercfg.cpl pale kwenye Windows na R, fungua mipangilio ya ndani ya mpango wako wa umeme, ubadilishe haya moja baada ya jingine, kila moja na siku yake: Link State Power Management (ya ile njia ya kuunganisha) iwe Off, diski isizimwe kamwe, Minimum processor state ipande kutoka 5% hadi 100%. Ukibadilisha yote pamoja itapona usijue dawa ni ipi, na hiyo 100% hula betri, hutaki ibaki bila sababu. Laptopu nyingi mpya huficha baadhi ya mistari hii, kwa hivyo usipoiona si kosa lako.

Upande wako wa Ubuntu nao, ile Linux uliyoiweka pamoja na Windows, ukiganda vilevile, fungua faili ya /etc/default/grub, na katika mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT uongeze nvme_core.default_ps_max_latency_us=0 ikiwa diski ni ya NVMe, aina ya SSD ya kasi. Siku nyingine uijaribu intel_idle.max_cstate=1 ikiwa prosesa ni ya Intel; Celeron za jamii ya Bay Trail, kama N2840, zajulikana sana kwa kuganda huku. Kila mara maliza na sudo update-grub, kisha uwashe upya.

Windows na Ubuntu zote mbili zikifa, nashuku RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine. Weka MemTest86, programu ya kuipima RAM, kwenye flashi nyingine, iendeshe usiku kucha mizunguko 4. Kosa hata moja ni kosa. Sisi wa pwani twavuta chumvi na unyevu mchana na usiku, na miguu ya RAM huingia uchafu usioonekana. Zima, chomoa chaja, fungua mgongo, tenganisha waya wa betri, ndipo uitoe RAM. Isugue taratibu kwa raba safi, ipanguse kwa alkoholi ya isopropili ya 99%. Ile ya 70% ya dukani ina maji mengi, iache. Ikauke dakika 10, irudishe hadi vishikio vilie. Zikiwa mbili, jaribu moja moja.

Niandikie BugcheckCode imesema nini, na kama hufa kwa betri, kwa chaja, au kwa vyote viwili. Hayo mawili yanitosha kukwambia uende wapi baadaye.

Nisalimie mama na watoto.

Wasalaam,
nduguyo Athman