Buti la mtumba na Mlima Hanang: lilete wiki mbili kabla ya safari

Mwaka jana alitujia sisi mafundi viatu mama mmoja, buti mkononi, soli kwenye mfuko. Alikuwa ametoka Hanang. Soli ilibanduka akiwa anashuka, akaifunga kwa kamba, kamba ikakatika, akamalizia mteremko na ndala za kuazima. Vidole vilikuwa vimechubuka vyote. Tulimhurumia sana, maana kwa juu buti lile liling'aa kama jipya.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Kati ya ngozi na raba ya chini, mabuti mengi yana sponji ya poliyurethani. Sponji hiyo huliwa na unyevu wa hewa taratibu, hata kiatu kikikaa kabatini miaka yote. Ukilivaa sokoni halina neno. Ukilipandisha mlimani linameguka kama mkate mkavu. Gundi haisaidii, maana itashika unga tu.

Libonyeze kwa ukucha wa dole gumba. Sponji ikirudi, sawa. Ikibaki shimo au ikitoa vumbi, usisafiri nalo.

Sisi hukwangua sponji yote, tukaweka raba mpya, tukabandika na kushona kwa uzi wa nailoni kuzunguka soli. Gundi inataka siku mbili ikauke. Siku zinazobaki ni zako: tembea nalo kwenye vilima vya mawe hapa Dodoma mpaka mguu ulizoee. Ngozi ikiwa imeoza tutakwambia ukweli, na hatutapokea pesa yako.

Tunasisitiza hivi kwa sababu Hanang una zaidi ya mita 3,400 na njia ya kutoka Katesh, mji ulio chini ya mlima, inakwea bila huruma. Wanaokwenda na kurudi siku moja huanza alfajiri. Beba maji yako ya kutosha. Msimu wa mvua uache kabisa: tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yalishuka kutoka mlimani, yakaua makumi ya watu Katesh na vijiji jirani. Na kwa Wabarabaig, wenyeji wa eneo hilo, huo ni mlima mtakatifu, kwa hiyo chukua mwongozaji wa pale pale, umsikilize anapokuambia usiguse kitu.

Kata na kucha za miguu siku moja kabla. Wakati wa kushuka vidole hugonga mbele ya kiatu kwa saa nyingi, na hilo hakuna fundi wa kulitengeneza.