Nyimbo tunazo, mikono hatuna

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala mliyochapa Jumapili iliyopita kuhusu kuhifadhi muziki wa dansi. Mwandishi alisema kwamba kwa kuwa kanda za Radio Tanzania zinaingizwa kwenye kompyuta, basi urithi wa bendi zetu uko salama. Hapo ndipo mimi na yeye tunapoachana. Wimbo utakuwa salama, sikatai. Lakini namna ulivyopigwa, vidole vilikaa wapi, uzi upi uliguswa na upi ukaachwa uendelee kulia wenyewe, hayo hayamo ndani ya kanda ile.

Mimi ni fundi redio hapa Mwanga, Kigoma. Ujana wangu nilipiga ridhim katika bendi ya hapa mjini ambayo siku hizi haipo. Kilichonifungua macho katika jambo hili si gitaa la dansi, bali chombo ambacho wasomaji wako wengi wamekisikia maisha yao yote bila kukiona: lile gitaa linalolia nyuma ya sauti ya waimbaji wa country wa Marekani kama Don Williams au Charley Pride, ambalo watu wengine hudhani ni kinanda na wengine hudhani ni fidla. Ni gitaa la stili lenye pedeli. Linalazwa kama meza juu ya miguu yake, mpigaji anakaa mbele yake kwenye kiti. Mkono wa kushoto unateleza na chuma cha mviringo juu ya nyuzi kumi, mkono wa kulia unadonoa kwa kucha za bandia, nyayo zinakanyaga pedeli na magoti yanasukuma vyuma vilivyoning'inia chini. Mwili mzima uko kazini. Ukimwona mtu anayelipiga kwa mara ya kwanza utadhani anaendesha trekta.

Chanzo chake ni Hawaii, ambako kijana aitwaye Joseph Kekuku alianza mwishoni mwa karne ya 19 kutelezesha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibana kwa vidole. Shida ya chuma ni kwamba kikipanda, nyuzi zote zinapanda pamoja. Pedeli ndiyo iliyovunja kifungo hicho: ukikanyaga, uzi mmoja au miwili inavutwa juu, mingine inabaki pale pale. Wamarekani waliusikia mlio huo kwa kishindo mwaka 1954, pale Bud Isaacs alipokanyaga pedeli huku nyuzi zikiendelea kulia katika wimbo wa Webb Pierce, na wapigaji wa nchi nzima wakaanza kutafuta vyuma na kamba za kufungia kwenye magitaa yao. Baadaye Buddy Emmons akaigawa kazi ya pedeli ile moja katika pedeli mbili, na kwa kiasi kikubwa hivyo ndivyo mambo yalivyo mpaka leo.

La kwangu nimelitengeneza mwenyewe. Ubao ni mninga wa seremala mmoja wa Mwandiga. Vyuma vya kuvutia nyuzi nimevitoa kwenye breki za baiskeli za Phoenix, maana breki zile hazitumii waya, zinatumia vyuma virefu, na gitaa hili linataka hivyo hivyo. Chuma cha kutelezesha ni kipande cha shafti kilichopigwa msasa mpaka kikang'aa. Nyuzi ndizo zinazonitesa. Uzi wa tatu ni mwembamba na umekazwa juu sana, na kila ukikanyaga pedeli ya pili unavutwa zaidi, kwa hiyo hukatika wakati usiotarajia, na nyuzi za namna ile hapa Kigoma haziuzwi. Lakini linalia.

Kulipiga nilijifunza kwa kozi ya kaseti na kitabu, niliyoipata katika boksi la vitabu na kaseti alizoacha padri mmoja wa Kizungu aliporudi kwao. Kitabu hakina jalada, na lebo za kaseti zilishabanduka, kwa hiyo mwalimu wangu simjui jina. Kozi za namna hiyo zilikuwa nyingi Marekani kuanzia miaka ya 1970. Aliyevuma kuliko wote ni Jeff Newman, mpigaji aliyegeuka mwalimu, aliyekuwa na shule yake Tennessee na kuuza masomo kwa posta, akafariki mwaka 2004. Mtu alikuwa anakaa shambani kwake mbali na mji wowote, analetewa bahasha yenye kanda na karatasi, anajifunza.

Sasa nieleze jinsi masomo hayo yalivyo, maana hoja yangu iko humo. Kwanza mwalimu anapiga uzi mmoja mmoja ili ulinganishe gitaa lako na lake. Kwa kaseti kuukuu hapo pana kazi: mkanda wa mpira wa redio ukilegea, kaseti inazunguka polepole na kila sauti inashuka. Sisi mafundi tunajua kwamba kwenye mota nyingi za redio kaseti kuna tundu dogo nyuma, ndani yake skrubu ya kurekebisha mwendo. Niliizungusha kwa bisibisi nyembamba mpaka sauti ya E ya mwalimu ikakaa sawa na E ya kinanda cha kwaya. Kisha mwalimu anapiga kipande kifupi kwa mwendo wake wa kawaida, kisha anakirudia taratibu huku anahesabu, kisha anakirudia tena na kutaja: uzi wa nne, wa tano, wa sita, freti ya tatu (freti ni alama zinazogawa shingo ya gitaa), kanyaga pedeli A na B. Kwenye karatasi kuna mistari ya nyuzi, juu yake namba za freti, na pembeni ya namba herufi ya pedeli. Hakuna noti za kanisani. Hata asiyejua Kiingereza anaweza kusoma namba 3 na herufi A.

Chukua kipande hicho hicho. Nyuzi hizo tatu kwenye freti ya 3, bila pedeli, ni kodi ya G, yaani noti tatu zinazolia pamoja kwa jina hilo. Ukikanyaga A na B kwa pamoja bila kusogeza chuma, uzi wa tano unapanda kutoka D kwenda E, wa sita unapanda kutoka B kwenda C, wa nne unabaki G kama ulivyokuwa. Umefika C. Sasa sikia: C hiyo hiyo ungeweza kuipata kwa kutelezesha chuma mpaka freti ya 8 bila kugusa pedeli yoyote. Sauti za mwisho ni zilezile tatu, ila zimepangwa vingine, na safari ya kufika huko si moja hata kidogo. Na G nayo ina makazi matatu: freti ya 3 bila pedeli, freti ya 6 ukikanyaga A na kusukuma chuma cha goti, freti ya 10 ukikanyaga A na B. Kabla ya kozi nilikuwa nasikiliza rekodi na kufuatisha kwa sikio. Noti nilikuwa nazipata zote. Kilio sikukipata, kwa sababu kilio kile kinatoka kwenye uzi unaobaki wakati jirani yake anapanda, na sikio langu halikuweza kujua nani amebaki na nani amepanda.

Jambo jingine ambalo rekodi hailisemi ni kunyamazisha. Nusu ya kazi ya mkono wa kulia ni kuua sauti kwa ubavu wa kiganja, kati ya noti na noti, la sivyo nyuzi kumi zinachanganyikana. Newman alisifika kwa kulifundisha hilo. Ukimya kwenye kanda unausikia kama si kitu. Kumbe kuna mkono umeufanya.

Basi nikianza kufikiria muziki wetu, napata uchungu. Gitaa la dansi lina makazi yake mengi kama hilo la stili. Kifungu kimoja cha solo kinaweza kupigwa chini karibu na vifungio au juu kabisa shingoni, kwa nyuzi zilizoachwa wazi au zilizobanwa, kwa plastiki ya kudonolea au kwa gumba na kidole cha shahada kama walivyofanya wengi kutoka ng'ambo ya ziwa. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Nani alimkalisha na gitaa mapajani akamwambia, piga taratibu, taja freti? Docteur Nico, mpiga solo wa Kongo ambaye sisi wa Kigoma tulimsikia kana kwamba yuko hapa Kibirizi, naye alipiga gitaa la Kihawaii katika baadhi ya nyimbo zake, alifariki 1985. Shem Karenga, aliyetoka huku kwetu Lake Tanganyika Jazz akaenda kuipa sifa Tabora Jazz, alituacha 2014. Nyimbo zao tunazo. Kumpa kijana kanda ya Tabora Jazz na kusema amerithi gitaa la Tabora ni sawa na kumpa chupa ya mawese ukasema umemfundisha kupanda mchikichi.

Vijana wa studio za hapa huniambia kila kitu kiko YouTube. Kwa gitaa la stili wanasema kweli, na sababu ni hizo hizo kozi: waliozirithi ndio wanaofundisha leo. Tafuta huko somo la gitaa la pili la Kiko Kids au Nyanyembe Jazz. Utakuta wimbo wenyewe, picha ya jalada imesimama, na maoni ya watu wakikumbuka ujana wao.

Naona pia tunavyowahoji wazee. Redioni na magazetini, likiwemo lako Mhariri, mpiga gitaa huulizwa alizaliwa wapi, jina la bendi lilitoka wapi, na anawashauri nini vijana wa Bongo Fleva. Gitaa halimo chumbani. Mtu aliyepiga solo maisha yake yote anahojiwa kama diwani.

Hapa Ujiji yupo mzee mmoja ambaye alipiga solo ya pili enzi zile. Nilimwendea na gitaa la kawaida nikamwomba anionyeshe kifungu ambacho kila mpigaji wa Kigoma hukipiga kwenye freti ya tano. Alicheka. Akakipiga chini kabisa, uzi wa kwanza ukiwa wazi unalia muda wote juu ya mingine, na ghafla ukawa ule mlio wa kwenye sahani ya santuri ambao sisi tuliufukuzia kwa vipaza sauti na vikorokoro vya mwangwi. Nikamwomba arudie taratibu. Vidole vyake vimeanza kukakamaa, cha pete hakikunji vizuri, lakini taratibu anaweza. Haraka hawezi tena.

Nalitaja hilo la taratibu makusudi. Wanaosema wazee hawawezi tena kurekodi wanafikiria rekodi ya kuuza. Somo halihitaji kasi. Linahitaji mtu anayejua mahali pa kuweka kidole, simu yenye kamera, na mtu wa kuandika namba.

Sijaja kuilalamikia Serikali. Kozi za Wamarekani hazikutoka wizarani, zilitoka kwa wapigaji wenyewe na sanduku la posta. TBC ikiwaalika wazee wa zilipendwa, iwaambie waje na magitaa. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo, TaSUBa, kinaweza kuwapa wanafunzi wake kazi ya kumfuata mpigaji mmoja wa mkoa anakotoka. Wewe Mhariri una ukurasa wa burudani kila Jumamosi. Nakuomba kona yake ya chini: mistari sita, namba za freti juu yake, jina la wimbo na la aliyeupiga. Haichukui nafasi kubwa kuliko chemshabongo, na msomaji wa Urambo au Kasulu asiye na bando ataikata kwa mkasi na kuibandika ukutani.

Kifungu cha kwanza nimeshakiandika, cha mzee wa Ujiji. Amekubali kitolewe kwa masharti mawili: jina la mtunzi wa wimbo liandikwe juu kwa herufi kubwa kuliko lake, na gazeti limlipe seti moja ya nyuzi za gitaa, namba 10, zisiwe zile za kichina zinazopata kutu kabla hazijazoea gitaa. Ukiafiki, nitumie neno, nami nitaleta karatasi kwa wakala wenu wa hapa mjini.

Msomaji wako,
Fundi Redio,
Mwanga, Kigoma