Barua ya wazi kwa Waziri wa Uvuvi: Gunia la chakula cha samaki halina tarehe

Mheshimiwa Waziri,

Salamu. Mimi ni mfugaji wa sato na kambale, na ninakuandikia kuhusu gunia la chakula.

Vifaranga wangu waliwahi kupinda migongo mmoja baada ya mwingine, wakawa kama herufi S. Afisa ugani alikuja, akachungulia maji, akaniandikia antibiotiki. Nikanunua, nikachanganya, nikangoja. Hakuna mgongo ulionyooka. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba samaki hawa, kama sisi binadamu, hawajitengenezei vitamini C. Wakiikosa, mifupa haikomai sawasawa, uti wa mgongo hupinda, na vidonda havifungi. Vitamini C ya kawaida nayo huharibika upesi kwa joto la kiwandani na kwa kukaa stoo. Chakula changu kilikuwa kimekaa muda gani? Sijui hadi leo, maana gunia halikuwa na tarehe.

Kilichokuwapo, tena kwa herufi kubwa, ni protini ghafi asilimia 30. Namba hiyo ndiyo sote tunayoikimbilia, nami nikiwamo. Lakini hupatikana kwa kupima nitrojeni na kuizidisha kwa 6.25, na kipimo hakiulizi nitrojeni imetoka kwenye dagaa au kwenye urea. Mwaka 2007, Amerika Kaskazini, melamini, kemikali ya viwandani yenye nitrojeni nyingi lakini isiyo protini, ilikutwa hadi ndani ya chakula cha samaki. Hata protini ikiwa halali, samaki anahitaji amino asidi 10, yaani vijenzi vya protini, ambazo mwili wake hauziundi. Mashudu mengi yana upungufu wa lisini au methionini, ambazo ni kati ya hizo 10, na trauti, samaki wa maji baridi, akikosa methionini hupata mtoto wa jicho. Soya isiyopikwa vizuri nayo humzuia samaki kumeng'enya protini aliyokwisha kuila.

Linaloninyima usingizi zaidi ni sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, trauti wa kufugwa nchini Marekani walianza kuota uvimbe wa saratani kwenye ini. Chanzo kilikuja kuonekana kuwa aflatoksini, aina mojawapo ya sumukuvu, iliyokuwa ndani ya chakula, kwenye mashudu ya pamba yaliyoingia kuvu. Kwa trauti, hata chini ya sehemu moja katika bilioni inaweza kumletea saratani. Sato ni mgumu zaidi, na ugumu huo ndio unaotudanganya: anadumaa, ini linaharibika, kinga inashuka, halafu bakteria anayemmaliza ndiye anayebeba lawama yote. Mahindi na karanga zilizokataliwa kwa ajili ya watu zisiishie kwenye mashine ya kusaga chakula cha samaki.

Kuna makosa yetu pia, sikatai. Tunamwaga chakula hata samaki wameshiba. Mabaki yanaoza chini ya bwawa, oksijeni inashuka, amonia inapanda, matamvua yanaungua. Hilo halihitaji waziri.

Ila gunia linakuhitaji. Naomba kanuni itakayomlazimu mtengenezaji kuandika tarehe ya kutengeneza na ya mwisho wa matumizi, kusema vitamini C aliyotia ni ya aina gani (ile iliyounganishwa na fosfeti hustahimili joto na stoo), na kupima sumukuvu kwa kila toleo kabla halijatoka kiwandani. Naomba pia maafisa ugani wafundishwe kuuliza samaki wamekula nini, na chakula kimehifadhiwa wapi, kabla ya kugusa kalamu ya kuandika dawa. Antibiotiki niliyopewa haikutibu chochote, na sehemu yake bila shaka iliishia kwenye maji.

Lile gunia bado ninalo, tupu, nimelikunja stoo. Ukihitaji kuliona nitalileta mwenyewe ofisini kwako.

Wako katika ufugaji,
Mfugaji wa samaki wa mabwawa